Kamba Hukatika Pabovu



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengi wenu hamjapata kulitafakari, nalo ni kusuka kwa mikono yetu wenyewe, nyumbani, kile kifaa kidogo kikaacho chini ya nyuzi za gitaa la umeme na kuigeuza mitetemo yake kuwa umeme. Wanamuziki hukiita pikapu. Asije mtu akadhani kwamba tunasimulia habari za gari la kubebea nazi, kwa maana pikapu hii yaenea katika kiganja cha mtoto. Hata hivyo imetuletea siku kadhaa za mashaka, na imetufundisha jambo ambalo tulidhani tunalijua, kwa kuwa huwa tunawafundisha wengine.

Tulikuwa Ndagoni, kisiwani Mafia, upande wa kusini magharibi, katika njia ya kuelekea Ras Kisimani, mahali ambapo kwa miaka mingi bahari imekuwa ikiyala mabaki ya mji wa kale wa Kisimani. Walio wengi huku ni ndugu zetu Waislamu, nao ni majirani wema. Sisi tunaokusanyika siku ya Dominika ni wachache mno, hata mwimbaji mmoja akisafiri kwenda Kilindoni, upungufu wake husikika tangu wimbo wa mwanzo. Kwa sababu hiyo gitaa lina thamani kubwa kwetu: hushika mahali pa sauti nyingi tusizokuwa nazo.

Gitaa lenyewe tulipewa na mzee mmoja ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa mpigaji wa bendi mjini Dar es Salaam. Wale wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba nyakati zile bendi nyingi zilikuwa chini ya vyama na taasisi, kama ilivyokuwa NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akihama, alihama na vidole vyake tu. Mzee wetu alijinyima muda mrefu hata akanunua gitaa lake mwenyewe, akarudi nalo kisiwani alipoacha kazi ya muziki. Vidole vilipoanza kukakamaa aliwapa vijana wa kwaya, akasema maneno machache: "Lisinyamaze kabla yangu."

Likanyamaza. Lilikuwa na pikapu moja tu, kwani mahali pa ile ya pili palikuwa pamezibwa kwa ubao tangu zamani. Tulibadilisha waya wa amplifaya, tukasafisha swichi, tukakaza kila skrubu, na bado halikutoa sauti. Fundi wa redio alipogusa ncha mbili za pikapu kwa kipima umeme, yaani tesita, mshale haukusogea hata kidogo. Akatuambia kwamba koili imekatika ndani. Hewa ya chumvi ilikuwa imepenya na kuula waya pale ulipokaribiana na sumaku. "Tupeni hii," akasema, "mnunue nyingine." Fedha ya kununua nyingine ilikuwapo, lakini ilikuwa imechangwa kwa ajili ya kuezeka paa kabla ya masika, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kupendekeza kwamba tuimbe vizuri huku tukilowa.

Jambo lililotuharakisha ni hili. Mzee alikuwa mgonjwa, na binti yake alikuwa amekwisha kuagiza kwamba Jumatatu iliyofuata baba avushwe kwa boti mpaka Nyamisati, na kutoka huko apelekwe kwa matibabu bara. Hakuna aliyesema wazi kwamba huenda asirudi, bali kila mmoja alilifikiri hilo. Tukaazimia kwamba Dominika kabla ya safari yake alisikie gitaa lake. Na kwa kuwa hatukuweza kununua pikapu, tuliamua kuisuka.

Ndugu wasomaji, siri ya chombo hiki si kubwa. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa katika waya ule. Katika pikapu, sumaku haisogei. Inakaa kimya chini ya nyuzi za chuma na kuzipa nyuzi hizo usumaku kidogo. Unapokung'uta uzi, ni uzi unaocheza juu ya sumaku, na kila mtetemo wake unaamsha umeme mdogo sana katika waya wa shaba ulioizunguka sumaku. Umeme huo ni hafifu, na amplifaya ndiyo inayoukuza. Ndiyo maana mizunguko ya waya yapasa kuwa maelfu: kila mzunguko huongeza sehemu yake ndogo, na hakuna mmoja uwezao kusikika peke yake.

Tena kazi hii haikuanzia katika viwanda vikubwa. Mmarekani George Beauchamp, mpiga gitaa, ndiye anayehesabiwa kuwa miongoni mwa waliotengeneza pikapu ya kwanza iliyofaa, mnamo mwaka 1931, akitumia sumaku mbili zenye umbo la kwato la farasi. Majaribio yake mengi aliyafanyia nyumbani. Huko California, mama mmoja aitwaye Abigail Ybarra alianza kufanya kazi katika kiwanda cha Fender mwaka 1956, akaongoza waya wa pikapu kwa vidole vyake hata alipostaafu mwaka 2013. Na karibu zaidi na sisi, mjini Kinshasa, marehemu Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono N°1 alitaka likembe yake isikike katikati ya kelele za jiji. Akachukua sumaku za vipuri vya magari mabovu, akazizungushia waya wa shaba, akapata pikapu. Sauti ile yenye mikwaruzo ilitolewa katika albamu ya Congotronics mwaka 2004 na kuzunguka dunia nzima. Mawangu alifariki mwaka 2015. Tuliposoma habari zake tulisema: ikiwa yeye aliweza kwa takataka za gereji, sisi tunashindwaje na sumaku zetu sita zikiwa nzima?

Basi tukaanza. Waya wa zamani tuliukata kwa wembe na kuuondoa, ukatoka umekauka na kuwa na kutu ya kijani. Sumaku na vibao viwili vinavyozishika juu na chini tulivisafisha, kisha sumaku tukazifunika kwa utepe mwembamba ili waya mpya usizigusane nazo tena. Waya mpya tuliletewa na ndugu anayeishi ng'ambo. Ulikuwa gramu 40 tu, unene wake milimeta 0.063, yaani sawa na unywele wa mtu au chini ya hapo. Ukinyoshwa ungefika kilometa moja na robo na ziada. Pikapu ya aina yetu hutaka mizunguko kati ya 7,000 na 8,000, ambayo humeza karibu kilometa moja. Kwa hiyo tulikuwa na waya wa pikapu moja, na hatukuwa na wa pili.

Mashine yetu ilikuwa kipande cha ubao chenye mhimili wa chuma cha baiskeli na mpini wa kuzungushia. Pikapu ilibandikwa mbele ya mhimili, na kila mpini ulipozunguka mara moja, nayo ilizunguka mara moja. Mmoja alizungusha, mmoja aliongoza waya, mmoja alihesabu. Kila ilipotimia mizunguko mia, mtoto aliyeketi mkekani aliweka kete moja ya pwani mbele yake. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tutasimama kete zikifika 70.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuongoza waya. Ukiuvuta sana, unakatika. Ukiulegeza, koili inakuwa ovyo, na waya uliolegea hutetemeka ndani na kupiga mbinja gitaa linapopigwa kwa sauti ya juu. Tulijaribu kila mtu kwa uzi wa kushonea, na wengi wetu tulikuwa na mkono mzito. Bibi mmoja jirani, ambaye kwa miaka yote husokota kamba za usumba, alikuwa akitutazama kutoka barazani kwake. Yeye huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufukweni, maji yakipwa na kujaa juu yake kwa miezi, kisha huyafukua, huyaponda, na kutoa nyuzi za kusokota. Alikuja, akaushika uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, akamwambia kijana mmoja wa kwaya: "Usiuvute, mwanangu, wala usiuache. Uongoze." Kijana yule akaelewa mara moja. Huwa anavua na mjomba wake, na mshipi wa ndoana ulikuwa umekwisha kuufunza mkono wake. Tangu hapo hapakuwa na ubishi juu ya nani angeongoza waya.

Siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri, tulisuka. Mzunguko mmoja kwa sekunde, mizunguko 7,000 ni kama saa mbili, na kwa kupumzika ikawa tatu. Tulisema hadithi, tuliimba, tulibadilishana mpini. Kila kete iliyoongezeka tulisema, "Tumefika elfu mbili," "Tumefika elfu nne." Kete zilipofika 53, mhimili ulikwama, mpini ukaruka, na waya ukashtuka mkononi mwa kijana. Tulisimama, tukatazama. Waya haukuonekana umekatika. Kijana akasema, "Nadhani uko salama, Baba." Tukaendelea hata kete ya 70.

Tulilehemu ncha ya mwisho, tukagusisha tesita. Mshale haukusogea.

Hapo, wapendwa, ndipo tunapotaka mtufuate kwa makini, kwa maana habari yetu yote imo katika dakika tano zilizofuata. Saa tatu nzima tulikuwa tumesema "sisi". Tumefika. Tumeweza. Tunasuka. Mshale ulipokataa kusogea, neno hilo lilitoweka vinywani mwetu, na mahali pake likaja neno "wewe". Wewe ulisema uko salama. Wewe ndiye uliyekuwa umeushika. Tulimwuliza kijana mbele ya wenzake kama aliona waya umekatika akanyamaza kwa kuogopa. Alisema hapana. Tukamwuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba jibu la kwanza halikuwa jibu. Tukamkumbusha habari za mzee na safari yake, jambo ambalo hakuhitaji kukumbushwa. Kijana hakujitetea. Alisimama, akaomba ruhusa, akaenda zake. Kesho yake tulisikia kwamba amekwenda dago na mjomba wake, na kwamba hawatarudi mpaka Jumanne.

Siku ya Alhamisi na Ijumaa hatukufanya neno. Jumamosi asubuhi tuliona kwamba hasara ya koili isiwe hasara ya waya wote, tukaanza kuufumua polepole na kuurudisha katika kibiringo chake. Tulikuwa na hakika kwamba tutaukuta umekatika karibu na kete ya 53. Tukahesabu kurudi nyuma. Tukapita pale waya uliposhtuka, na waya ukaendelea kuja. Tukapita elfu nne, ukaendelea. Elfu mbili, ukaendelea. Ulikuja wote, mzima kama ulivyotoka kiwandani, mpaka tukafika katika mzunguko wa kwanza kabisa, chini ya yote, juu ya utepe uliofunika sumaku. Hapo ukaishia. Ulikuwa umekatika unywele mmoja tu kutoka mahali ulipolehemiwa.

Wanaoifahamu kazi hii watakuwa wamekwisha kuelewa. Waya wa koili umepakwa vanishi ili mizunguko isigusane na kuharibiana. Kabla ya kulehemu ncha yake, vanishi hiyo sharti ikwanguliwe, na mwenye mkono mzito huikwangua pamoja na shaba. Ncha hiyo ya kwanza ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe siku ya Jumatano kabla hata ya kete ya kwanza kuwekwa, na aliyekwangua hakuupima waya kwa tesita baada ya kulehemu, kwa sababu alikuwa na haraka. Mkono ulioushika wembe ule ni huu huu unaoyaandika maneno haya.

Wahenga walisema kamba hukatika pabovu. Tumekuwa tukilitumia neno hilo mara nyingi kwa ajili ya wengine. Siku hiyo tuliona kwamba ubovu waweza kuwapo tangu mwanzo, ukafunikwa kwa kazi njema ya watu wengi, mzunguko juu ya mzunguko, hata mwenye kuufanya asiukumbuke tena. Kisha lawama humwangukia yule aliyeonekana ameshika kamba wakati wa mshtuko.

Wenzetu katika kwaya walipopata habari walikuwa na shauri la haraka. Waya upo, walisema, tusuke leo, mzee asikie kesho. Kijana tutamwomba radhi akirudi. Hatukuweza kukataa wala kukubali. Tukaenda kwa mzee mwenyewe. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Padri. Karibu." Tukamweleza yote bila kupunguza, hata habari za wembe. Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha alitueleza kwamba katika bendi aliyoipigia, nyimbo zilipoharibika jukwaani, aliyepigiwa kelele alikuwa daima mdogo kuliko wote, na mara nyingi mdogo huyo alikuwa yeye. Akasema: "Msisuke bila yule mtoto. Gitaa lililosukwa juu ya mtu aliyeonewa sina haja ya kulisikia. Mimi nitasikia siku nyingine, Mungu akipenda."

Basi Dominika ile tuliimba bila gitaa. Jumatatu mzee aliondoka. Tulimsindikiza mpaka bandarini Kilindoni, tukasimama hata boti ilipokuwa ndogo. Hatukusema neno juu ya gitaa, wala yeye. Tungependa kuwaandikia kwamba toba huirudisha kila kitu kilichopotea, lakini hatutasema lisilo kweli. Siku zile tano tulizozipoteza kwa hasira yetu hazikurudi.

Jumanne jioni ngalawa zilirudi. Tulikuwa tumejiandalia maneno mazuri njiani. Tulipofika ufukweni kijana alikuwa akitoa samaki, na wale wenzake waliokuwapo siku ya Jumatano walikuwa wamekuja pia, kwa maana tuliwaomba waje. Aliyeaibishwa mbele ya watu haombwi radhi pembeni. Tukaanza kwa kusema, "Tulikosea siku ile." Kijana akatazama chini, akajibu kwa adabu, "Hakuna neno, Baba." Tukaona kwamba bado hatujasema kitu. Neno "tulikosea" lilikuwa limemgawia naye sehemu ya kosa, na wenzake vilevile. Hapo tukasema kwa namna nyingine: "Ni mimi niliyeukata waya, kwa wembe, kabla hamjaanza. Wewe hukukosa kitu. Nisamehe." Akainua macho. Akauliza, "Ulikatikia mwanzo?" Tukamjibu, mwanzo kabisa. Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Basi safari hii nitakwangua mimi."

Tumezoea sana, sisi tunaozungumza mbele ya watu, kujificha ndani ya neno "sisi". Ni neno zuri. Sala ya Baba Yetu nayo imejengwa juu ya wingi, na hakuna anayeomba ndani yake mkate wake peke yake. Lakini angalieni sala ile ya kuungama tunayoisali kwa pamoja mwanzoni mwa Misa. Tunaitamka wote, kwa sauti moja, na hata hivyo kila mmoja hulitaja kosa kuwa lake mwenyewe na kujipiga kifua chake, si cha jirani. Tumeisali miaka yote hii. Ilitupasa kufika ufukweni Ndagoni, mbele ya tenga la samaki, ndipo tuone kwa nini imeundwa hivyo. Mema ya pamoja na tuseme "sisi". Kosa lenye mkono wake na lipewe mkono wake.

Siku ya Alhamisi tulisuka tena. Kijana aliunguza vanishi ya ncha ya waya kwa moto mdogo wa kiberiti, akaisugua taratibu kwa kipande cha msasa laini, pasipo wembe. Akalehemu, akapima na tesita kabla ya mzunguko wa kwanza, na akapima tena kila kete kumi, akiikwangua vanishi mahali padogo sana na kuifunika tena kwa tone la rangi ya kucha aliyoazimwa na dada yake. Tulijiuliza kwa nini hatukufanya hivyo mara ya kwanza. Kete ya 70 ilipowekwa, mshale ulisogea na kusimama karibu na omu 5,500. Hakuna aliyepiga kelele. Mtoto wa kete ndiye aliyecheka kwanza.

Baada ya hapo huja kazi ya nta. Koili iliyosukwa kwa mkono hutumbukizwa katika nta iliyoyeyuka ili ipenye kati ya mizunguko na kuishikamanisha, nyuzi zisitetemeke zenyewe kwa zenyewe. Tulikusanya mabaki ya mishumaa ya Dominika, tukaongeza nta kidogo ya nyuki, tukaviyeyusha katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Nta haiwekwi juu ya moto wenyewe, kwa maana hushika moto haraka, na joto likizidi huipinda pikapu. Tuliishikilia koili ndani ya nta mpaka vipovu vya hewa vilipokwisha kutoka. Ikatoka inanukia kanisa.

Sauti yake ikoje? Ina mngurumo kidogo inapokaa kimya, kama nyuki walio mbali. Pikapu zote za koili moja zina tabia hiyo, kwani hunasa pia umeme wa nyumba. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, alibuni pikapu yenye koili mbili zinazopingana ili kuufuta mngurumo huo, na huenda siku moja tukajaribu kuzisuka hizo. Kwa sasa tumeuzoea. Nyuzi za juu zinang'aa, za chini zina uzito, na uzi wa tatu unasikika zaidi kuliko wenzake kwa sababu tusiyoifahamu. Bibi wa kamba za usumba alikuja kusikiliza akiwa amesimama nje ya mlango, akatikisa kichwa, akasema kwamba mkono wa yule kijana ungefaa kusokota.

Dominika iliyofuata, baada ya Misa, tulimpigia simu mzee. Tulikuwa tumeambiwa na binti yake kwamba ana nguvu kidogo siku hiyo. Simu iliwekwa juu ya kiti mbele ya amplifaya, na kijana akapiga. Hakupiga wimbo wa kanisa. Alipiga zile noti za kwanza alizofundishwa na mzee mwenyewe miaka mitatu iliyopita, akiwa bado hawezi kuufikisha mkono shingoni mwa gitaa. Alipomaliza tulisikia pumzi tu upande wa pili, tukadhani simu imekatika. Kisha mzee akauliza, "Ni nani aliyesuka?"

Jibu lililotujia kwanza mdomoni lilikuwa "sisi". Tulilimeza. Tukampa simu kijana.

Hatukusikiliza waliyozungumza. Alitoka nayo nje, akasimama chini ya mnazi, mgongo ukiwa umetuelekea, akisema "Ndiyo, Babu" mara nyingi. Aliporudi aliirudisha simu na kusema kwamba mzee ameagiza mambo mawili: uzi wa tatu ushushwe kidogo, na zile kete 70 zisirudishwe baharini.

Zimo ndani ya mfuko wa gitaa mpaka leo. Ndugu msomaji, huenda juma hili nawe utakuta kitu kilichonyamaza nyumbani mwako, kazini au kati yako na mtu. Kabla ya kumtazama yule aliyekuwa ameshika waya, tunakuomba uanze kufumua kutoka juu, taratibu, mpaka mzunguko wa kwanza, na uangalie ni mkono wa nani uliokuwapo pale.

Tukutane tena juma lijalo. Mbaki na amani.